Kabla Hujapiga Magoti Hamugembe

Koku mwanangu,

Salamu naziruka. Tumesalimiana asubuhi, tumegombana adhuhuri, na sasa hivi umepita mlangoni ukanitazama, ukashangaa mzee amepatwa na nini mpaka ameshika kalamu badala ya kibuyu. Kalamu yenyewe nimeiazima kwa katekista, naye alinikabidhi kama mtu anayemkabidhi kichaa kiberiti. Mimi shule niliishia darasa la pili. Walinifukuza kwa kumuigiza padri anavyopenga kamasi. Kwa hiyo ukiona maneno mengine yamelala ubavu, yaache yapumzike.

Mambo ya safari shangazi yako Paskazia ameshayasema mara saba: vitambaa vya mtoto, kuku wa kupeleka, nani aulizwe hali kwanza. Mimi hayo siyagusi. Nataka kukuandikia jambo ambalo kwetu baba hamwambii binti yake hata nyumba ikiwa inaungua. Nakuandikia habari ya mkojo.

Kaa chini, barua hii usiikunje. Humu ndani hakuna mwingine anayejua kusoma. Paskazia akiishika atadhani ni sala ya jioni, atafanya ishara ya msalaba, atakurudishia.

Nianze na kesho, maana kesho ndiyo inayotubana sote. Lori la kahawa litapita asubuhi kuelekea Bukoba. Mzee Karoli, mjomba wa mumeo, amekuja kukuchukua. Siku nne sasa analala kwa katekista na kumlia ndizi zake. Mkifika Hamugembe, kabla hujapewa hata maji ya kunywa, utapiga magoti mbele ya mama mkwe wako na wazee wa ukoo wao, mmoja baada ya mwingine, unashuka, unainuka, unashuka tena, mtoto akiwa mgongoni. Ndivyo mwanamke wa kwetu anavyorudi kwa watu wa mumewe. Na huyo mama alishatuma neno kwa kinywa cha Karoli, neno ulilolisikia ukiwa nyuma ya pazia: "Arudi akiwa mkavu. Akinilowesha tena majani niliyotandika sebuleni mbele ya wageni, lori lililomleta limrudishe kwao, na mtoto abaki kwetu."

Hilo la mwisho ndilo linalokunyima usingizi. Hata mimi linaninyima, ila mimi nina pombe yangu ya rubisi.

Mumeo Felician ni kijana mwema. Anashona vizuri pale barazani kwake Miembeni, suruali zake hazifumuki. Lakini mbele ya mama yake anakuwa kama uzi uliochambuka ncha: ukimsukuma kwenye tundu la sindano, anapinda. Usimtegemee kesho. Mtegemee baada ya mwezi, akishasahau kwamba alikuwa anaogopa.

Sista mkunga alikukagua, akasema hakuna tundu kwenye kibofu. Paskazia aliniletea habari hiyo huku ametazama ukuta, na mimi nikaipokea nikitazama kuku. Ingekuwa tundu, Koku, maneno yangu yote haya yangekuwa upepo, na ningekupeleka hospitali hata kwa kukubeba mgongoni. Sista alisema nyama za chini, zile zinazobeba tumbo, zimechoka kwa kumtoa hilo dume lako lenye kichwa cha babu yake, na kwamba zitarudi polepole. Polepole! Jaribu kumwambia mama mkwe wako neno hilo.

Jumanne nilikuwa kibanjani, nyuma ya migomba ya pombe, nikakuona. Wewe hukuniona. Ulipiga magoti mbele ya mgomba, ukausalimia kwa heshima zote, ukauliza hali ya watoto wake na ng'ombe wake. Ukainuka. Ukatazama majani pale ulipokuwa. Ukaenda kwa mgomba wa pili, ukashuka, ukasalimia, ukainuka, ukatazama chini. Kwenye mgomba wa nne ulisonya, ukakaa chini kabisa, ukajifunika uso kwa kanga.

Unanijua baba yako. Mzaha ulikuwa umeshafika kwenye meno. Nilitaka kusema, "Huyo wa nne ndiye mama mkwe nini?" Nikaushika mdomo kwa mkono, kwa mkono kabisa, kama mtu anayemshika mbwa. Kwa sababu mzaha wa namna hiyo niliwahi kuufanya, kwa mama yako, na hii ndiyo hadithi ambayo yeye hakuwahi kukusimulia, Mungu amlaze pema.

Wewe ulitoka miguu kwanza. Hata kuzaliwa ulikuja kwa kubisha. Mama yako aliteseka, akapona, akasimama, lakini tangu siku hiyo akawa anavuja. Akikohoa, akicheka, akiinua mkungu wa ndizi. Hakuniambia. Mimi niliona kanga zikianikwa mara nyingi kuliko kawaida, nikafikiri amekuwa msafi sana.

Basi siku moja akaja mkungu, mkuu wetu wa kijiji, na wazee wenzake watatu. Mama yako akaingia na kahawa za kutafuna kwenye kikapu kidogo, akapiga magoti, akasalimia vizuri, akainuka. Na pale alipoinuka, majani tuliyotandika sakafuni yalikuwa yamelowa. Kila mtu aliona. Wazee wale walikuwa na adabu: mmoja akatazama paa, mwingine akaanza kusifu kahawa. Jambo lilikuwa limekwisha, Koku. Lilikuwa limepita kama nzi. Ni mimi niliyelikamata. Nikasema, "Waungwana, nyumba hii nimeiezeka vizuri juu, tatizo inavuja kwa chini."

Walicheka mpaka mkungu akapaliwa. Mama yako naye alicheka. Hilo ndilo lililonipoteza: nilimwona anacheka, nikadhani ameupenda mzaha.

Miaka miwili hakupiga magoti tena mbele ya mgeni. Wageni wakibisha hodi, anaumwa. Kanisani akawa anakaa nyuma karibu na mlango. Akaacha kunywa maji mchana, midomo ikawa inampasuka kiangazi na masika. Watu wakasema mke wa fulani ana majivuno siku hizi, hasalimii watu. Na mimi, mume wake, niliyejua, nilikaa kilabuni nikasema, "Wanawake bwana." Siku nilipojaribu kumsaidia, nilimsaidia hivi: "Si ukaze tu? Kuna ugumu gani kukaza?" Kama vile namfundisha kufunga mdomo wa gunia.

Akakaza. Masikini, alinisikiliza. Alitembea amekaza, alipika amekaza, alilala amekaza taya mpaka meno yalisagika. Na jinsi alivyokaza ndivyo maji yalivyotoka.

Nakuandikia hivi kwa sababu wewe unafanya vilevile. Jana nilimsikia Paskazia akikufunga kile kitambaa tumboni. "Vuta pumzi, shikilia, kaza!" akakivuta kwa goti mgongoni mwako kama anafunga mzigo wa kuni. Nia yake njema. Ndivyo alivyofungwa yeye, ndivyo alivyofungwa bibi yako. Lakini mimi nimekamua ndizi za rubisi kwa miguu miaka arobaini, na kama kuna kitu kimoja ninachokijua kuliko padri, ni hiki: kitu ukikibana katikati, kitatafuta njia ya kutokea chini. Hakuna mwanaume hapa kijijini asiyejua hilo akiwa ndani ya mtumbwi wa kukamulia ndizi. Tukitoka humo tukaingia ndani kwa wake zetu, tunasahau.

Sasa sikiliza mama yako alivyojinasua, maana mimi simo katika kumnasua, mimi nilikuwa kwenye kufunga.

Parokiani kulikuwa na mafungo ya akina mama, siku tatu za kunyamaza. Aliyeyaongoza alikuwa sista mgeni, Kiswahili chake kibovu kuliko changu. Aliwakalisha kwenye majani, akawaambia wafumbe macho, wasikilize pumzi inavyoingia na kutoka, na mawazo yakitoroka wayarudishe kwa upole. Basi. Siku tatu. Nilicheka sana aliponiaga. Nilimwambia, "Kama ni kukaa kimya bila kazi, mbuzi wangu wote ni masista."

Yeye alikwenda kwa sababu moja tu: mahali ambapo watu wote wamefumba macho, hakuna atakayekuona umelowa.

Na pale, katika kukaa, akagundua kitu. Alinieleza baadaye sana, kwa aibu, kama anayeniungamia. Alisema siku ya kwanza hakusikia chochote ila hofu yake, inapiga kelele kama kinu. Siku ya pili alichoka kuogopa. Na alipochoka, pumzi ikashuka yenyewe mpaka tumboni, ikafika kule chini kabisa, na kule chini pakalegea. Akashtuka. Akajua sasa nimekwisha, yanatoka. Hayakutoka. Pumzi ilipopanda, pale palipolegea pakajikusanya penyewe, polepole, pakapanda kidogo. Bila kuambiwa kaza. Akavuta nyingine, pakashuka, akaitoa, pakapanda. Sista alimwona machozi yanamtoka akadhani Roho Mtakatifu amemshukia. Labda ni kweli, sijui, mimi na Roho Mtakatifu hatujawahi kukaa siku tatu pamoja.

Aliporudi alinipa mfano wa jani la mgomba. Wewe umebabua majani tangu ukiwa mtoto. Jani bichi ukilikunja kwa nguvu linapasuka, hata liwe zuri namna gani. Lipitishe kwanza juu ya moto, taratibu, mpaka lilegee na kung'aa, ndipo linakunjika, na ukilifinyanga linabeba mchuzi bila kudondosha tone. "Nilikuwa nakunja jani bichi," alisema. "Miaka yote miwili nimekuwa nakunja jani bichi."

Kila alfajiri akawa anakaa pale mlangoni kabla ya kuwasha moto. Mimi nilidhani anasali, nikawa napita kwa adabu. Kumbe mwenzangu yuko kwenye shule ya mkojo.

Hakupona kama watu wa kwenye Injili, siku moja tu, akajitwika godoro akaenda. Nataka ulielewe hili, kwa sababu najua unatafuta dawa ya kukukausha ifikapo kesho saa tisa, na haipo. Kwanza alianza kunywa maji. Halafu akasogea kanisani benchi mbili mbele. Halafu siku moja nikamsikia anapiga chafya kisha anaendelea na hadithi yake. Hofu ilipungua kwanza, maji yakafuata nyuma, na mpaka anakufa kuna siku chache yalikuwa yanamponyoka akicheka sana. Lakini alikuwa anacheka.

Mimi nilifikaje kwenye shule hiyo? Kwa viboko.

Mzee ukizeeka mifereji inalegea, na wangu ulilegea mbele za watu. Ilikuwa arusi ya mtoto wa jirani, wakati vita vya Wazungu vimekwisha na watu wana hamu ya kucheka. Mimi ndiye niliyekuwa msemaji, kanzu nyeupe, fimbo mkononi, nimewashika watu kwa maneno, nikacheka mzaha wangu mwenyewe, na nikasikia joto linashuka mguuni. Kanzu nyeupe, Koku! Mungu akitaka kumfundisha mtu kwanza anamvisha nguo nyeupe. Nikasimama kama nguzo. Sikuweza kukaa, sikuweza kuondoka. Mtu mmoja mstari wa mbele akaanza kunitazama, macho yakishuka taratibu kutoka kwenye ndevu.

Mama yako alikuwa upande wa wanawake. Aliinuka, akachukua kibuyu kilichojaa, akaja kwangu kana kwamba ananiletea kinywaji, akajikwaa mahali ambapo hapakuwa na kitu cha kujikwaa, na akanimwagia rubisi yote kuanzia kifuani mpaka miguuni.

"Mawe, mama yangu!" akapiga kelele. "Nisamehe, waitu, bwana wangu, macho yangu haya!"

Watu wakacheka. Walimcheka yeye. Mwanamke gani huyu anamwaga pombe juu ya mume wake mbele ya arusi. Kuna aliyesema amelewa. Yeye akapiga magoti pale pale mbele ya watu wote, akaanza kunifuta kwa kanga yake, na alipoinamisha kichwa akaninong'oneza kwa jina langu la ubaba, "Nenda nyumbani, Tata Koku. Tembea polepole. Usikaze."

Nilitembea polepole. Njia nzima nilikuwa nasubiri atakapofika nyumbani aniambie maneno yangu mwenyewe, yale ya nyumba inayovuja kwa chini. Nilikuwa tayari. Nilijua nayastahili. Akafika, akaniletea maji ya kuoga, hakusema. Kesho yake hakusema. Mpaka leo nayasubiri.

Ila alfajiri alinigusa bega. "Njoo ukae."

Nikakaa. Nakuambia ukweli, mwanangu, sijawahi kufanya kazi ngumu kama ile. Nilivuta pumzi mbili, ya tatu akili ikaenda kupima mpaka wa jirani anayesogeza mawe. Nikairudisha, ikaenda kwa mkungu, tukagombana naye, nikamshinda. Nikamwambia mama yako, "Hii akili yangu ni mbuzi, haikai."

"Ikienda, irudishe."

"Nimeirudisha mara kumi!"

"Basi irudishe ya kumi na moja. Lakini usiipige."

Nikamwuliza kwa nini nisiipige, mbuzi mtoro anapigwa. Akasema, "Ukiipiga, unakaza." Kisha akasema kwa sauti ndogo, "Mimi nilipigwa miaka miwili. Najua."

Hakunitazama aliposema hivyo. Alikuwa anatazama migomba. Hayo ndiyo maneno pekee aliyowahi kunilipa kwa ule mzaha, na aliyasema akiwa ananifundisha.

Sasa nafika kwenye kosa langu bichi, lina siku nne tu, na ndilo lililonishikisha kalamu.

Jumapili Karoli alipofika na neno la dada yake, alipolisema lile la mtoto kubaki, damu ilinipanda. Nikaona akinitazama kama mtu anayekagua ng'ombe mgonjwa. Na mimi, badala ya kusema ukweli au kunyamaza, nikafanya ninachojua kufanya. Nikacheka. Nikampiga Karoli begani, nikasema, "Mwambie dada yako asihangaike. Koku alishapona zamani! Mkavu kama majani ya kiangazi. Mkimkalisha karibu na moto atashika."

Karoli akafurahi. Siku ile ile akampa neno hilo mwenye baiskeli alipeleke mjini. Kwa hiyo huko Hamugembe sasa wanakungojea mwanamke mkavu, wamewaita na wageni.

Na wewe ulikuwa nyuma ya pazia. Nilikisikia kile kikohozi chako kimoja. Tangu saa ile hujakohoa mchana. Hujacheka. Maji hunywi, nimeona. Unambeba mtoto kama mtu anayevuka mto na yai kinywani. Mama mkwe wako amekutishia kutoka mbali, lakini aliyekufunga kitambaa kikali kuliko cha Paskazia ni mimi. Nimekutwisha uongo, na umeuweka mahali ambapo hapakuwa na nafasi ya kubeba kitu kingine. Mara ya kwanza nilisema ukweli kwa mzaha, nikamfunga mama yako. Mara ya pili nimesema uongo kwa mzaha, nimekufunga wewe. Unaweza kuona mwenyewe tatizo liko kwenye nini.

Basi leo baada ya kugombana na wewe nilikwenda kwa katekista. Hukuniuliza nilikokwenda, ulikuwa umenikasirikia, tena ulikuwa na haki. Karoli alikuwa barazani anamenya muwa.

Nikamwambia, "Karoli, Jumapili nilikudanganya."

Akasema, "Katika lipi? Ulisema mengi."

"La Koku. Nilisema amepona. Hajapona. Anapona."

Akauweka muwa chini. "Tofauti yake nini?"

"Tofauti yake ni kwamba kesho akiinuka mbele ya dada yako, anaweza kulowa."

Koku, uso wa yule mzee ulifungwa kama duka. Akaniuliza kama najua kwamba neno lilishapelekwa. Nikasema najua. Akaniuliza kama najua ni nani watakaoonekana wajinga. Nikasema, "Wewe kidogo, mimi sana."

"Dada yangu si mtu wa kuambiwa."

"Nani alimwambia mara ya mwisho?"

Akafikiri. Unajua Karoli anavyofikiri, unaweza kuota mvi. Akasema, "Hakuna."

"Basi hujui kama haambiliki. Unajua tu kwamba mnamwogopa."

Nilidhani atanipiga kwa muwa. Hapo nikafanya jambo ambalo sijalifanya tangu arusi ile. Nikamweleza kanzu yangu. Nikamweleza kilichokuwa ndani ya kanzu kabla ya rubisi. Nikamweleza mzaha nilioufanya mbele ya mkungu na miaka miwili ya mama yako, bila kupamba, bila kuchekesha. Na Mungu ananiona, ilikuwa kama kutembea bila suruali. Nikamaliza kwa kusema, "Ndiyo maana sitaki lori limpeleke binti yangu mahali wanapongojea mtu ambaye si yeye. Akilowa, apewe kanga, asipewe maneno. Kama hilo hamliwezi, sema sasa, abaki hapa na mtoto wake mpaka mtakapoliweza."

Karoli hakuniambia kwamba hata yeye anavuja, usitegemee, hatuko kwenye ngano. Alisema, "Mimi nitashuka kwanza. Wewe mwambie abaki juu ya lori. Nitaingia peke yangu, nitamwambia dada. Nikitoka nikimpungia mkono, ashuke. Nisipompungia, dereva analala mjini, kesho kutwa anarudi huku."

"Na mtoto?"

"Mtoto ananyonya," akasema. "Mimi sina ziwa, dada yangu ziwa lake lilikwisha zamani. Atakuwa na mama yake juu ya lori."

"Hiyo ni ahadi?"

"Hiyo ni akili tu. Kuhusu dada sikuahidi kitu."

Ndicho nilichokipata, mwanangu. Si kikubwa. Nilitaka nikuletee mama mkwe aliyelainika, nimekuletea mzee na muwa wake. Lakini ni kweli tupu, kila neno, na sikulichekea hata moja.

Sasa uamuzi ni wako, siyo wa Karoli, siyo wa Paskazia, na wangu nimeuondoa. Kesho lori litapiga honi pale barabarani. Ukiona bado, kaa ndani na mwanao. Nitatoka mimi, nitamwambia Karoli aende, na aibu ya kijiji nitaibeba mimi. Mgongo huu umebeba rubisi zaidi ya hiyo. Utakaa hapa mwezi, miwili, mwaka. Pale mlangoni pa mama yako mpaka leo hakuna aliyepakalia, alfajiri pako wazi, na mimi nitakaa kando na mbuzi wangu wa akili.

Na ukiona utapanda, panda. Kile kitambaa kifungue, Paskazia mwachie mimi. Kunywa maji yako. Lori litakurusha kuanzia hapa Muleba mpaka mjini, na huenda ukafika umelowa tayari. Karoli anajua, hatashangaa, nimemwambia akutafutie nafasi nyuma pamoja na akina mama na siyo mbele kwenye miguu ya dereva. Katika lori lile hutakuwa na siri hata moja ya kushikilia. Hiyo ndiyo zawadi niliyokufungia, kuku ni wa shangazi yako.

Mkono ukipungwa, shuka. Ingia. Utamwona amekaa katikati na watu wake, na moyo utapiga kama kinu, uache upige. Pumzi iache ishuke mpaka chini kabla ya magoti. Msalimie kama mtu anayejua jina lake mwenyewe. Ukiinuka, inuka huku unaitoa pumzi, usitazame majani. Maji yakitoka, yametoka. Geuka, umsalimie anayefuata.

Tata